Kikohozi Kisichofichika: Sayansi Yachunguza Nguvu ya Mapenzi

Wahenga walisema kwamba mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Methali hii hufundishwa katika vipindi vya Kiswahili, na aghalabu mwalimu huishia kwenye maana yake ya nje. Lakini mwalimu wa baiolojia aliye katika chumba cha pili angeweza kuichukua methali hiyo hiyo kwa somo lake, maana aliyeitunga alichagua mfano wake vizuri kuliko inavyodhaniwa. Kikohozi ni tendo la mwili lisilongoja amri. Chembe ya vumbi ikigusa utando wa koo, ujumbe hupita katika neva hadi kwenye shina la ubongo, na misuli ya kifua hukazwa kabla mwenyewe hajatambua linalotokea. Hata hivyo kikohozi si sawa na mapigo ya moyo. Mtu aliye msikitini au kanisani aweza kukizuia kwa muda. Macho yatamtoka machozi, uso utamwiva, lakini atakizuia. Asichoweza ni kuliamuru koo lisiwashe.

Tofauti hiyo ndiyo iliyobeba swali ambalo wataalamu wamelihangaikia kwa muda mrefu. Je, mtu aliyependa amefanya jambo, au amefanyiwa? Kiswahili kwa upande wake kilikwisha kutoa hukumu. Mpenzi katika lugha hii husemwa kwamba ameshikwa, ametekwa, amezama, amezidiwa. Ni nadra kusikia kwamba ameamua. Hukumu hiyo si jambo dogo. Shuleni huitoa mwanafunzi aliyeacha kusoma miezi miwili kabla ya mtihani. Mahakamani huitoa mtu aliyemdhuru yule aliyemkataa. Nyumbani huitoa binti anayelia usiku na kujiona amerogwa. Wote watatu husema neno moja, "Sikuweza kujizuia," lakini, kama itakavyoonekana, hawasemi kweli kwa kiasi kimoja.

Mganga ashika mkono

Neno ashiki limetokana na neno la Kiarabu ishq, na neno hilo lina historia ndefu katika vitabu vya tiba. Tabibu mashuhuri Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka 980 karibu na mji wa Bukhara na kufariki mwaka 1037 huko Hamadan, aliitaja ishq katika kitabu chake Al-Qanun fi al-Tibb miongoni mwa maradhi ya kichwa, jirani na ugonjwa wa huzuni nzito. Alizieleza dalili zake kama daktari aelezavyo dalili za homa: macho yaliyoingia ndani na kukauka, pumzi isiyo na mpango, mgonjwa kucheka na kulia pasipo sababu iliyo wazi. Kisha alieleza njia ya kumtambua mpendwa ikiwa mgonjwa anamficha. Mganga ashike mkono wa mgonjwa penye mapigo ya damu, naye ataje majina mengi, mitaa mingi na kazi nyingi. Jina likitajwa na mapigo yakavurugika mara kwa mara, basi siri imetoka.

Njia hiyo ilikuwa na asili ya zamani zaidi. Galen, mganga wa Kigiriki aliyefanya kazi Roma katika karne ya 2, ameacha maelezo ya mwanamke mmoja aliyekosa usingizi na asiyeonekana kuwa na ugonjwa wowote wa mwili. Siku moja, Galen alipokuwa kando ya kitanda, mtu aliingia akasema kwamba amemwona Pylades akicheza ngoma katika ukumbi. Mwanamke akabadilika uso, na mapigo yake yakavurugika. Mtu mwenye haraka angetangaza ushindi hapo hapo. Galen hakutangaza. Siku ya pili alipanga mtu aingie na kusema kwamba Morphus, mchezaji mwingine, ndiye anayecheza; mapigo yakatulia. Siku ya tatu akajaribu jina jingine, mapigo yakatulia. Siku ya nne Pylades akatajwa tena, na mapigo yakavurugika kama siku ya kwanza. Mwanafunzi wa sayansi na alitazame jambo hili kwa makini, kwa kuwa ndani yake mna kiini cha jaribio lolote lililo sahihi: kubadilisha jambo moja tu, kuyaacha mengine yote kama yalivyo, na kurudia.

Kinachotokea chini ya vidole vya mganga sasa kinafahamika vizuri. Moyo huendeshwa na neva ambazo haziko chini ya utashi. Kundi moja la neva hizo huuharakisha, jingine huupunguza kasi, na tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu wakati wa jambo zito. Darasa laweza kuthibitisha hayo bila chombo chochote isipokuwa saa. Wanafunzi wahesabu mapigo yao kwa nusu dakika wakiwa wametulia, kisha wahesabu tena baada ya mwalimu kutangaza kwamba atamwita mmoja wao, ambaye bado hajamtaja, kuja mbele kufanya hesabu ubaoni. (Kutaja majina ya wapendwa darasani, kwa mfano wa Galen, si jambo la kushauriwa.)

Jaribio hilo dogo laonyesha pia udhaifu wa njia ya Galen. Moyo ulienda mbio, lakini hakuna aliyependa ubao. Moyo husema kwamba kuna jambo; hausemi ni jambo gani. Mwaka 1974 wanasaikolojia Donald Dutton na Arthur Aron waliutumia udhaifu huo kwa werevu. Katika British Columbia, nchini Kanada, kuna daraja la kamba liitwalo Capilano, lipitalo juu ya korongo kiasi cha mita 70 kutoka chini, nalo huyumba kila mtu akanyagapo. Mwanamke kijana aliwahoji wanaume waliokuwa juu ya daraja hilo na kuwapa namba yake ya simu kwa maelezo zaidi. Katika wanaume 18 walioipokea namba, 9 walimpigia. Juu ya daraja jingine, imara na la chini, wanaume 16 waliipokea namba, na 2 tu ndio waliompigia. Watafiti walisema kwamba woga wa korongo ulikuwa umejivika vazi la mvuto: moyo uligonga kwa sababu moja, akili ikautafutia sababu nyingine. Jaribio hilo limebishaniwa sana tangu wakati huo, maana yawezekana wanaume wanaochagua daraja la kutisha ndio pia wasioogopa kupiga simu. Pamoja na hayo, funzo lake kuhusu mapigo ya moyo halijapoteza nguvu.

Ndani ya fuvu

Wapo wasemao kwamba mapenzi ya kushikwa na kuzama ni mazoea ya Ulaya yaliyoletwa na riwaya na sinema. Mwaka 1992 wanaanthropolojia William Jankowiak na Edward Fischer walipitia kumbukumbu za jamii 166 za pande zote za dunia wakitafuta dalili za mapenzi ya namna hiyo: nyimbo za wapendanao, hadithi za kutoroka pamoja, ushahidi wa watu wenyewe. Walizikuta katika jamii 147. Katika zile zilizobaki hawakusema kwamba mapenzi hayapo, bali kwamba walioziandika habari zake hawakuuliza. Jambo lililoenea hivyo katika binadamu lina uwezekano mkubwa wa kuwa na mizizi katika mwili wenyewe, si katika vitabu tu.

Mizizi hiyo ilianza kuonekana pale mashine za kupiga picha za ubongo kwa nguvu ya sumaku zilipowezesha kutazama damu inakokimbilia ndani ya ubongo wa mtu aliye hai. Mwaka 2000 Andreas Bartels na Semir Zeki wa London walichunguza watu 17 waliosema kwamba wamependa kwa dhati. Kila mmoja alilala ndani ya mashine akionyeshwa picha ya mpenzi wake, kisha picha za marafiki. Mwaka 2005 Arthur Aron, Helen Fisher, Lucy Brown na wenzao walichapisha uchunguzi wa aina hiyo huko Marekani, nao wakiwa na watu 17, wanawake 10 na wanaume 7, ambao mapenzi yao yalikuwa na umri wa wastani wa miezi 7 hivi. Picha ya mpendwa iliamsha eneo dogo lililo ndani kabisa, karibu na shina la ubongo, ambako seli hutengeneza dopamini na kuisambaza sehemu nyingine. Mfumo huo si wa mapenzi peke yake. Ndio umsukumao mwenye kiu kuyaendea maji, na ndio unaotekwa na dawa za kulevya. Fisher alitoa hoja kwamba kwa sababu hiyo mapenzi hayafai kuhesabiwa pamoja na furaha au hasira, bali pamoja na njaa na kiu.

Bartels na Zeki waliona jambo jingine ambalo msemaji wa Kiswahili angelitarajia. Mbele ya picha ya mpendwa, baadhi ya sehemu zinazohusika na kuwapima watu wengine na kuwatilia shaka zilipunguza kazi. Ukipenda, chongo huita kengeza.

Picha hizi zina mipaka yake. Watu 17 ni wachache. Tena mashine huonyesha damu ilikokwenda, haionyeshi kilichofikiriwa, na eneo moja la ubongo hutumika kwa kazi nyingi, kama vile njia panda moja inavyopitwa na waendao sokoni na waendao msibani. Tahadhari hiyo hiyo yafaa kwa uchunguzi wa Donatella Marazziti na wenzake wa Pisa, Italia, uliotoka mwaka 1999. Hao walipima katika damu protini inayosafirisha serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo, wakalinganisha watu 20 waliopenda karibuni, wagonjwa 20 wenye maradhi ya kuandamwa na wazo moja bila kukoma, na watu 20 wa kawaida. Wapenzi walifanana na wagonjwa. Baadhi yao walipopimwa tena baada ya mwaka mmoja au zaidi, walikuwa wamerudi katika hali ya kawaida. Matokeo hayo yalitangazwa sana magazetini, lakini uchunguzi mwingine uliofuata haukutoa jibu moja kwa wanaume na wanawake.

Panya wa nyasi

Ushahidi ulioaminiwa kuliko wote haukutoka kwa binadamu. Katika mbuga za nyasi za katikati ya Marekani huishi voli, mnyama wa jamii ya panya mwenye mkia mfupi na uzito wa gramu 40 hivi, kwa jina la kitaalamu Microtus ochrogaster. Katika miaka ya 1970 Lowell Getz wa Chuo Kikuu cha Illinois alikuwa akiwatega wanyama hao ili kuhesabu wingi wao, akaona ajabu: mitego yake mara nyingi ilinasa dume na jike pamoja, na akiwaachia, huwanasa tena wale wale wawili. Alishirikiana na Sue Carter kulichunguza jambo hilo, na ikadhihirika kwamba voli wa mbugani hujifunga kwa mwenzi mmoja, wakaishi kiota kimoja na kulea watoto pamoja. Tabia hiyo ni ya wachache mno miongoni mwa wanyama wanyonyeshao. Ndugu yake wa karibu, voli wa milimani, hana habari nayo. Akishapandana huenda zake. (Hata voli wa mbugani asisifiwe kupita kiasi. Vipimo vya urithi vimeonyesha kwamba baadhi ya watoto wa kiota si wa dume aliyemo.)

Wanyama wawili wanaofanana hivyo na kutofautiana kwa tabia moja ni hazina kwa mtafiti. Mwaka 1992 Thomas Insel na Lawrence Shapiro walionyesha kwamba vipokezi vya homoni ya oksitosini havikupangwa sawa katika bongo za aina hizo mbili. Oksitosini haikuwa ngeni. Henry Dale aliona tangu mwaka 1906 kwamba maji ya tezi iliyo chini ya ubongo hulikaza tumbo la uzazi. Vincent du Vigneaud alitengeneza homoni yenyewe maabarani mwaka 1953, na mwaka 1955 akapata Tuzo ya Nobel. Kila mkunga wa Afrika ya Mashariki aijua, maana ndiyo sindano achomwayo mama mara mtoto azaliwapo ili asivuje damu nyingi. Sasa ilionekana kwamba jike wa voli akitiwa oksitosini ubongoni humwandama dume aliye karibu hata bila kupandana naye. Mwaka 2004 watafiti walifanya la kushangaza zaidi: walipandikiza katika ubongo wa dume wa voli wa malishoni, ambaye si mtu wa mke mmoja, jeni ya kipokezi cha vasopresini, homoni iliyo ndugu ya oksitosini, naye akaanza kushikamana na jike wake.

Kuanzia hapo magazeti ya dunia yakaibatiza oksitosini jina la homoni ya mapenzi, na wafanyabiashara wakaiuza katika vichupa vya kunusa. Ingelikuwa hivyo, swali lililoanzisha makala hii lingelikwisha: mtu hupenda kwa kuwa homoni imempata kipokezi, basi.

Januari mwaka 2023 habari ikageuka. Devanand Manoli, Nirao Shah na wenzao wa California walichapisha matokeo ya kazi iliyochukua miaka mingi. Kwa kutumia ufundi mpya wa kukata jeni, waliwazalisha voli wa mbugani wasiokuwa na kipokezi cha oksitosini kabisa. Wanyama hao walitarajiwa kuwa wazururaji. Badala yake walichagua wenzi, wakalala ubavu kwa ubavu, wakawafukuza wageni. Majike walizaa, na baadhi yao waliweza kuwanyonyesha watoto wao. Kifundo hakikutegemea uzi mmoja. Yumkini nyuzi nyingine hukaza pale mmoja unapokosekana tangu mwanzo wa uhai. Yumkini pia dawa itiwayo ubongoni hugusa mengi kuliko kipokezi kilichokusudiwa. Lolote kati ya hayo liwalo, ikiwa panya wa gramu 40 hawezi kuelezwa kwa kemikali moja, kumweleza binadamu kwa kemikali hiyo ni kujidanganya.

Koo linalowasha na mtu anayekohoa

Inafaa sasa kuwarudia wale watatu waliosema kwamba hawakuweza kujizuia. Katika yote yaliyoelezwa hapo juu, chanzo cha mapenzi hakionekani kuwa chini ya amri. Hakuna aliyeiamuru dopamini yake, kama vile mwanamke wa Roma asivyoyaamuru mapigo yake. Binti anayelia usiku amesema kweli kuhusu chanzo, na hakurogwa. Lakini kati ya eneo lile la ndani ya ubongo na mkono unaomdhuru mtu kuna safari, na safari hiyo hupitia sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ambayo kazi yake ni kupima, kuahirisha na kukataza. Hakuna picha yoyote ya ubongo wa mpenzi iliyowahi kuonyesha njia hiyo imekatika. Aliyemdhuru mwenzake anaidai sayansi ushahidi ambao haina. Mwanafunzi yuko katikati, na anastahili kuhurumiwa zaidi, kwa sababu sehemu hiyo ya mbele huendelea kukomaa hata baada ya umri wa miaka 20, wakati mfumo wa dopamini umeshapamba moto.

Je, hisia yenyewe yaweza kupunguzwa? Kwa muda mrefu swali hili waliachiwa waganga na washairi. Mwaka 2016 Sandra Langeslag na Jan van Strien walilipeleka maabarani. Watu 40, nusu yao wakiwa na wapenzi na nusu wakiwa wameachana nao, walitazama picha za wapenzi hao huku wakiambiwa mara wafikirie mazuri yao, mara wafikirie mabaya yao. Waliofikiria mabaya walipungukiwa mapenzi kwa kiasi kilichopimika. Waliofikiria mazuri walizidishiwa. Haikuwa kukatika kwa mapenzi, bali kushuka kidogo kwa muda mfupi, kama mtu amezaye mate ili koo litulie.

Kwa walioachwa, wakati nao hufanya kazi. Mwaka 2010 kundi la Fisher lilichapisha picha za ubongo za watu 15 waliokataliwa na wapenzi wao na ambao bado walikuwa wakiwapenda. Eneo lile lile la dopamini liliwaka, kana kwamba habari ya kukataliwa ilikuwa bado haijafika huko chini. Lakini katika sehemu moja inayohusishwa na mshikamano wa wenzi, kadiri siku zilivyokuwa nyingi tangu kuachwa, ndivyo kazi yake ilivyokuwa ndogo.

Mwaka 2018 Langeslag na Michelle Sanchez waliwajaribu walioachwa 24 kwa njia mbalimbali. Kufikiria mabaya ya aliyeondoka kulipunguza mapenzi, lakini kuliwatia watu uchungu wa moyo. Kujishughulisha na mambo mengine hakukupunguza mapenzi hata kidogo, ila kuliwachangamsha. Ibn Sina, katika sura ile ile ya Al-Qanun, aliwaagizia wagonjwa wake vyote viwili: washughulishwe, na waitiwe vikongwe wa kuwatajia kasoro za yule wanayempenda. Na palipokuwa hapana kizuizi cha sheria wala cha dini, aliagiza waozwe.